Historia ya Shule si Hesabu ya Mabati

Shule nyingi za msingi za pande zetu za Busia na Tororo zimefikia umri wa kufanyiwa sherehe. Baadhi yazo zatimiza miaka hamsini, nyingine sabini na mitano, na zile chache zilizoanzishwa na wamisheni zaikaribia mia au zimekwisha kuipita. Kila sherehe huzaa kijitabu. Tumebahatika kuvisoma vijitabu hivyo kadhaa, na twaweza kusema kwamba aliyesoma kimoja amesoma vyote. Huanza na mti ambao chini yake katekista aliwakusanya watoto wa kwanza. Hufuata nyumba ya nyasi, kisha mwaka wa bati la kwanza, kisha orodha ya walimu wakuu na miaka waliyotumikia, kisha madarasa yaliyoongezwa, tangi la maji, vyoo, na majina ya wakubwa waliopata kusoma hapo. Ukurasa wa mwisho ni picha ya mgeni wa heshima akikata utepe.

Hatuvidharau vijitabu hivyo. Wazazi waliojitwika mchanga wa mtoni vichwani na kufyatua matofali siku za Jumamosi wanastahili kutajwa, tena kwa majina yao. Lakini hatujakiona hata kijitabu kimoja kinachouliza: watoto wa shule hii walifundishwa kwa lugha gani, nani aliyeichagua lugha hiyo, na wangapi waliachwa nyuma kwa ajili ya uchaguzi huo? Sisi tunaofundisha lugha twajiuliza, shule ni nini kama si mahali ambapo mtu mmoja husema na wengine wakamwelewa?

Shabaha yetu ni moja. Twataka kuonyesha kwamba shule ya msingi ya upande wa Uganda wa mpaka huu imekua katika kila jambo isipokuwa katika Kiswahili, na kwamba jambo hilo halikutokea lenyewe, wala halikutokea kwa sababu watu wa hapa hawakitaki. Lilitendwa. Lina miaka yake na watendaji wake, na laweza kutenduliwa.

Kwanza tuutazame mpaka wenyewe, maana wako wanaouzungumzia kana kwamba uliumbwa siku moja na Mwamba wa Tororo. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hata Naivasha. Siku hiyo Waingereza waliliondoa katika Uganda na kuliunganisha na ile himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa tendo hilo la kalamu Msamia wa Funyula akawa mtu wa nchi moja na ndugu yake wa Lumino akawa wa nchi nyingine. Wateso wa Amukura wakatengwa na Wateso wa Tororo. Hakuna aliyeulizwa. Shule zilizochipuka baadaye ziliurithi mpaka huo kama mtoto anavyorithi deni la babaye, na kila moja ikatazama makao makuu yake: hii Nairobi, ile Kampala.

Upande wa Uganda, lugha ya kwanza kuandikwa ubaoni katika shule nyingi haikuwa Kiteso, wala Kisamia, wala Dhopadhola. Semei Kakungulu na watu wake walikuwa wamekwisha kuingia Bukedi tangu mwaka 1899, na nyuma yao wakaja makatekista na maajenti Waganda. Kiganda kikawa lugha ya baraza, ya Biblia na ya daftari. Mtoto wa Budama alijifunza kusoma kwa lugha ya mtu aliyemtoza babaye kodi. Jambo hili lakumbukwa vizuri sana na wazee, nalo halimo katika vijitabu vya sherehe.

Kisha likaja jaribio la kukiingiza Kiswahili. Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala kwa sehemu kubwa ya nchi. Lau ungefuatwa, shule zetu za mashariki zingekuwa miongoni mwa za kwanza kunufaika, kwa kuwa hapa kabila moja halikuweza kuwasomesha wengine wote bila manung'uniko. Haukufuatwa. Kabaka Daudi Chwa aliupinga mwaka 1929, maaskofu waliupinga, na mwaka 1931 Serwano Kulubya, Omuwanika wa Buganda, alikwenda London mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuzieleza hofu za watu wake. Na tuseme haki: hofu hizo hazikuwa za kipumbavu. Waganda waliwaona walowezi wa Kenya na ardhi waliyoitwaa, wakafikiri kwamba lugha moja ingeleta serikali moja, na serikali moja ingemleta mlowezi. Walikikataa Kiswahili kama mtu anavyokataa kumfungulia mlango mgeni asiyemjua aliyefuatana naye. Twawaelewa. Ila mlowezi huyo alikwisha kuondoka zamani, na mlango ungali umefungwa. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni Uganda, na kufuli likatiwa kutu kwa kukosa wa kulifungua.

Je, watu wa Tororo na Busia waliacha kusema Kiswahili? La hasha. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Tororo, na hapo hapo likaanzia tawi la kwenda Soroti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikajengwa kiwanda cha saruji chini ya milima ile ya mawe ya chokaa. Mpiga nyundo, mchukuzi, karani, mpishi na askari walisemezana kwa Kiswahili, maana mmoja alikuwa Mpadhola, wa pili Mluo, wa tatu Mteso na wa nne Mhindi. Busia kulikuwa na soko, na soko halina subira na mtu asiyeweza kuhesabu kwa lugha ya mwenziwe. Dagaa wa ziwani huitwa mukene upande huu na omena upande ule; mwanamke auzaye pande zote mbili husema dagaa, akauza. Hata baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha vya Busia zilipewa jina, boda-boda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki yote. Mji huu haukungoja waraka wa gavana yeyote.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, nasi twaomba msomaji atuvumilie. Kiswahili kilipofukuzwa darasani hakikufa. Kilikwenda kufundishwa na wengine. Kilifundishwa kambini, kituo cha polisi, kizuizini barabarani, na penye biashara za usiku. Mtu na ayapime maneno ya Kiswahili ambayo Uganda nzima iliyapokea katika miaka ya 1970 na 1980. Alipata neno magendo, hasa bei ya kahawa ilipopanda mwaka 1976 na 1977 na magunia yakavuka mpaka gizani. Alipata mafuta mingi, jina la wale waliotajirika ghafula baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972. Alipata panda gari, ile amri iliyotangulia kukamatwa kwa watu wengi kwa pamoja baada ya 1980. Hiyo ndiyo kamusi aliyopewa raia wa Uganda. Na msomaji aliyezoea upatanisho wa ngeli atakuwa amekwisha kuona kwamba mafuta mingi si sarufi. Palikuwa na vijana wengi wa kulitumia neno hilo na hapakuwa na mwalimu hata mmoja wa kulisahihisha.

Sasa watu walewale waliokifungia Kiswahili nje ya shule wanatuambia kwamba hawakitaki kwa sababu ni lugha ya askari na wezi. Hoja hii twaisikia kila mwaka, katika mikutano ya wazazi na hata katika vyumba vya walimu. Ni hoja ya mtu aliyemfukuza mtoto nyumbani, akalelewa na wahuni, kisha akamlaumu kwa kukosa adabu. Jirani yetu wa Tanzania hakukipata Kiswahili chake kambini. Alikipata shuleni, kwa mwalimu wa darasa la kwanza mwenye chaki. Wazee wengi husimulia jinsi walivyostaajabu mwaka 1979 walipowasikia askari wa Kitanzania wakisema tafadhali, samahani na shikamoo. Lugha ilikuwa ileile. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwingine.

Wako pia wanaosema kwamba Serikali ilikwisha kujaribu. Ndiyo, mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Redio ikaanza kukitumia zaidi. Shule ya msingi ya Tororo ilipata nini? Hakukuwa na walimu waliotayarishwa wala vitabu vya kutosha. Amri isiyo na chaki si elimu, na kushindwa kwa amri hiyo hakuwezi kuhesabiwa kuwa kushindwa kwa lugha.

Tuvuke sasa mpaka, maana upande wa pili una funzo, ingawa si pepo. Katika Kenya Jomo Kenyatta alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974, na Tume ya Gachathi ikapendekeza mwaka 1976 kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Pendekezo hilo lilikaa kitako kwa miaka. Kiswahili kilikuwamo katika ratiba, lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukukiuliza, na kila mwalimu wa siku zile ajua kilichotokea: vipindi vyake viliazimwa na Hisabati na Kiingereza, wala havikurudishwa. Tume ya Mackay ikaja mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985, na Kiswahili kikatahiniwa katika mtihani mpya wa KCPE. Tangu hapo mambo yaligeuka. Wazazi walinunua vitabu. Vyuo vilitafuta wakufunzi. Wachapishaji, ambao hawana mapenzi na lugha isiyonunuliwa, wakaleta hadithi za watoto madukani. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini Kiswahili hakikutoka pamoja nayo. Kimo katika tathmini ya gredi ya sita. Twasisitiza jambo hili kwa sababu wenzetu wengine, watu wenye elimu nzuri, hutuambia kwamba lugha hukua kwa mapenzi na si kwa mitihani. Labda hivyo ndivyo ilivyo kwa washairi. Katika shule ya msingi, somo lisilotahiniwa ni kipindi cha kufagia uwanja.

Tumesema upande huo si pepo, na ushahidi umetoka Busia yenyewe. Mwaka 1996 shirika moja la hisani la Kiholanzi lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule 25 kati ya shule 100 za msingi zilizochaguliwa katika wilaya za Busia na Teso, Kenya, ili watafiti wazilinganishe zilizopata na zisizopata. Watafiti walikuwa Paul Glewwe, Sylvie Moulin na Michael Kremer, huyu wa mwisho akiwa ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Kila mtu alitazamia kwamba alama zingepanda. Hazikupanda kwa jumla. Walionufaika ni wale watoto ambao tangu awali walikuwa mbele ya wenzao. Wengine wote walibaki palepale, vitabu mkononi. Sababu mojawapo waliyoitoa watafiti katika makala yao ya mwaka 2009 ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu.

Lugha ya tatu! Tungependa maneno hayo matatu yachapwe kwa herufi kubwa katika kila kijitabu cha sherehe kinachojivunia idadi ya vitabu vilivyopokelewa kutoka kwa wafadhili. Hatudai kwamba vitabu vile vingeandikwa kwa Kiswahili mambo yote yangenyooka, hilo halikujaribiwa. Twasema kwamba mtoto wa mpakani huja shuleni na lugha ya mama kifuani na Kiswahili cha sokoni ulimini, na shule humtaka aziache zote mbili mlangoni kama viatu vyenye tope. Mtoto wa upande wa Kenya angalau huokota kimoja cha viatu hivyo akiingia darasani. Wa upande wa Uganda huingia pekupeku.

Madhara yake twayaona kila mwanzo wa mwaka. Watoto wa hapa huvuka pande zote mbili, kufuata shangazi, kufuata karo nafuu, au kwa sababu mama amehamia mtaa wa pili wa mji uleule mmoja. Elimu ya bure ilipoanza Uganda mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hadi milioni 5.3 katika mwaka mmoja. Kenya ilipofuata mwaka 2003, wengine wakavuka kurudi. Mtoto atokaye Kenya kwenda Uganda hupoteza Kiswahili chake, maana hakuna anayemwuliza. Atokaye Uganda kwenda Kenya hukutana na insha. Tumewaona wavulana waliokwisha kuota ndevu wakiketi na watoto wa darasa la nne, si kwa sababu hawajui hesabu, bali kwa sababu hawajapata kuandika sentensi moja ya lugha ambayo wameisema tangu walipojua kusema. Wengine huvumilia. Wengi hurudi kwenye baiskeli.

Serikali ya Uganda haikosi maazimio. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumiwe kwa namna Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Mwanzoni mwa Julai 2022, siku chache kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, tena kitahiniwe. Tulishangilia. Azimio hilohilo lilitaka wabunge, mawaziri na watangazaji waanzishiwe mafunzo ya Kiswahili. Hatuna neno na watu wazima kwenda shule. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda una karatasi nne zilezile: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kwa muda wote ambao karatasi ya tano haijawekwa, mwalimu mkuu wa Tororo mwenye walimu wachache na madarasa yaliyofurika atafanya lililofanywa Kenya kabla ya 1985, nasi hatutamlaumu yeye.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu, nalo ni la wale wanaohofia lugha za mama. Wanasema: Kisamia, Kigwe, Kiteso na Dhopadhola zimepata nafasi kidogo tangu mtaala wa mwaka 2007 ulipoagiza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa matatu ya kwanza, mkileta Kiswahili, zitamezwa. Tunawajibu kwa kuwaomba waende mjini Busia asubuhi yoyote ya shule na kusikiliza madirishani. Lugha iliyozimeza lugha za mama katika shule za mjini, tangu darasa la kwanza, ni Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo chumbani wakati tendo hilo likitendeka. Tunalolidai ni somo la Kiswahili kuanzia darasa la nne, pale ambapo mtaala wenyewe humtaka mtoto aanze kuiacha lugha ya mama. Hapo ndipo mtoto hujikwaa, na hapo ndipo anapohitaji lugha aliyoizoea.

Pingamizi la mwisho ni la fedha na walimu, na ndilo dhaifu kuliko yote kwa watu wa mpakani. Walimu wa msingi waliosomea Kiswahili na kuhitimu wapo Busia ya Kenya, baadhi yao wakingoja ajira, nao wangeweza kufika darasani Uganda kwa miguu kabla ya kengele ya kwanza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, inayotaka wafanyakazi wavuke kwa uhuru, imekuwa na nguvu tangu mwaka 2010. Marais wa nchi zote mbili walikizindua kituo cha pamoja cha Busia mwezi Februari 2018 ili lori la saruji lisikaguliwe mara mbili. Saruji ya Tororo yavuka. Samaki wavuka. Twauliza Wizara, na twaziuliza kamati za shule ambazo hupata fedha za kukodi mahema na vipaza sauti vya sherehe: mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwenye cheti chake mkononi, azuiliwe na nini?